Mteja haoni jenereta, anamwona fundi

Mwaka 2017 nilianza kazi ya ufundi kwenye kampuni ndogo ya huduma za TEHAMA hapa Songea. Kazi ya kwanza: kubadilisha pawa saplai iliyoungua. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu nayo! Chuoni nilisomea mitandao, mtaani nikawa daktari wa vitu vilivyoungua.

Ukitaka kuelewa kwa nini, angalia historia ya umeme. Wakati ule Songea haikuwa kwenye gridi ya taifa. Mji ulitegemea jenereta za dizeli na, tangu 2015, maporomoko ya Tulila kwenye mto Ruvuma, mradi wa masista Wabenediktini wa Chipole. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kama kilomita 250, ilifika mwaka 2018. Kabla ya hapo umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mashine inakufa, na wa kulaumiwa ni mimi: "Si juzi tu ulikuja kuitengeneza?"

Hasara ya kwanza ya kazi hii ndiyo hiyo: unabeba makosa ya mifumo usiyoimiliki. Ya pili ni muda. Simu inalia saa nne usiku, mishahara ya ofisi fulani haitoki, unaenda, na hakuna anayehesabu hayo masaa. Ya tatu, kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba hakuna anayekusomesha. Teknolojia inabadilika, wewe unapiga windows mwaka mzima.

Hili la tatu lina mizizi mirefu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hazina ikapata mashine kubwa zaidi, lakini Watanzania wa kuiendesha walikuwa wachache mno, tegemeo likawa wageni. Hesabu za serikali zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na milango ikaja kufunguka polepole miaka ya 1980 na 1990. Mashine ikaadhibiwa, wakati pengo lilikuwa la watu.

Kampuni nyingi ndogo bado zinafikiri vilevile: hela ya kununua kompyuta inapatikana, hela ya kumpeleka fundi kozi hakuna. Fundi akipata mwanya anaondoka, na ujuzi wote uliokuwa kichwani mwake unaondoka naye. Nywila, ramani ya nyaya, kila kitu.

Kusema ukweli, nami niliondoka kwenda kusoma. Wiki ya kwanza mrithi wangu alinipigia simu mara tano. Nilikuwa sijaandika chochote mahali popote, maana hakuna aliyewahi kuniambia niandike, wala mimi sikujiongeza.

Kama unaanza kazi hii, anza na daftari.