Kazi ya Mke Nyumbani na Mgawanyo wa Mali

Mume na mke wakiachana, maneno hayaishi mlangoni. Hubaki nyumba, shamba, mifugo na madeni, tena hubaki watoto wanaotaka kula kesho yake. Sisi walimu twaletewa mara kwa mara barua za baraza na za mahakama ili tuwasomee wenyewe, nasi tumeona kwamba wengi huanza kuuliza habari za haki zao siku ile mambo yamekwisha haribika. Kwa hiyo twapenda kueleza hapa jinsi sheria ya Tanzania Bara ilivyofika mahali ilipo leo katika jambo hili, na hasa jinsi kazi ya mke nyumbani ilivyopata kuhesabiwa kuwa ni mchango katika mali.

Hatuandiki ili watu waachane. Ahadi ya ndoa ni ahadi, nasi Wakristo twaijua uzito wake. Lakini mtu aliyeachwa au aliyefukuzwa naye ni jirani yetu, na hapana faida yo yote akidhulumiwa kwa sababu ya kutojua.

Zamani, katika makabila mengi ya nchi yetu, neno kubwa katika kuachana lilikuwa mahari. Wazee walikaa wakauliza: kosa ni la nani? Mke amezaa watoto wangapi? Ng'ombe wangapi warudi kwa mume? Shamba lilikuwa la ukoo wa mume, na nyumba ilijengwa juu ya ardhi ya ukoo huo. Basi mwanamke aliporudi kwao, mara nyingi alichukua nguo zake na vyombo vyake tu. Hata kama alilima shamba lile miaka 20, hapana aliyeuliza jembe lake lilizaa nini. Hatusemi kwamba wazee wale walikuwa watu wabaya. Walilinda ardhi ya ukoo isipotee, na mwanamke alitegemewa apokewe na baba yake au ndugu zake. Lakini siku zikabadilika. Watu wakahamia mijini na penye mashamba ya biashara, wakanunua viwanja na kujenga nyumba kwa fedha, na baba aliyekuwa ampokee binti yake pengine hakuwa na nafasi tena.

Mwaka 1963 Serikali ilitangaza kwa maandishi sheria za desturi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ili mabaraza yahukumu kwa namna moja. Lakini ndoa zenyewe zilibaki za namna nyingi. Mkristo alikuwa na sheria yake, Mwislamu na yake, na aliyeoa kwa desturi na yake. Majirani wawili waliokaa kijiji kimoja waliweza kupata majibu mbalimbali kwa swali lile lile. Ndipo mwaka 1969 Serikali ilipotoa waraka wa mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa, watu wakayajadili mapendekezo hayo, na mwaka 1971 Bunge likaitunga Sheria ya Ndoa. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka ule ule. Zanzibar haimo katika sheria hiyo, nayo ina njia yake na mahakama zake za kadhi.

Sheria ya 1971 ilileta mambo makubwa. Mke alipewa haki sawa na mumewe ya kupata mali, kuiweka na kuiuza. Mume alikatazwa kumpiga mkewe kwa kisingizio cha kumwadibisha. Tena ilisemwa kwamba ndoa, ikiwa imefungwa kanisani, msikitini, bomani au kwa desturi, haivunjwi hapa nchini ila kwa hukumu ya mahakama, madhali wote wawili wangali hai. Kurudisha mahari si talaka. Kufungasha mizigo si talaka. Na hata Mwislamu aliyetoa talaka kwa dini yake yampasa kufika mahakamani ili ipate nguvu ya sheria.

Katika sheria hiyo kifungu cha 114 ndicho kinachotuhusu zaidi. Mahakama ikitoa talaka yaweza kugawanya mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi ya pamoja. Katika kugawanya, imeamriwa itazame mambo manne: desturi za watu wale, mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto walio wadogo. Kisha, baada ya kuyapima hayo, mahakama ielekee kugawanya sawasawa.

Maneno hayo yaonekana rahisi, lakini yalileta ubishi wa miaka 12. Neno kazi lina maana gani? Majaji wengine wa Mahakama Kuu walisema kwamba kupika, kufua, kuteka maji na kulea watoto ni wajibu wa mke tu, wala si mchango katika kupata mali. Wengine wakasema sivyo: mume hawezi kwenda kazini asubuhi na kurudi na mshahara bila mtu wa kuitunza nyumba, basi mtu huyo naye ana sehemu yake. Hivyo haki ya mwanamke ilitegemea ni jaji gani aliyeketi siku ile.

Mwaka 1983 ubishi huo ulifika Mahakama ya Rufani, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mke hakuwa na kazi ya mshahara. Mume alikuwa amenunua nyumba Dar es Salaam kwa fedha zake. Mahakama za chini zilikuwa zimesema kwamba yeye alikuwa mke tu, na kwa hiyo hana haki katika nyumba ile. Rufani ilisikizwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali pamoja na majaji Makame na Kisanga.

Majaji hao walijiuliza swali moja: sheria hii ilitungwa ili kuponya ugonjwa gani? Wakaona kwamba ilitungwa ili kuondoa dhuluma waliyokuwa wakitendewa wake walioolewa, ya kutumikishwa kisha kutoka mikono mitupu. Basi wakahukumu kwamba juhudi na kazi zilizotajwa katika kifungu cha 114 ni pamoja na kazi za nyumbani za mke au za mume. Ustawi wa nyumba, walisema, ni sehemu ya shughuli za mtu za kutafuta mali. Hukumu hiyo imefuatwa na mahakama zetu tangu siku ile hata leo.

Lakini yatupasa tusimulie na mwisho wake, maana wengi huuacha. Mwanamke yule hakupata sehemu ya nyumba. Mume wake alikuwa amempa fedha ili aanzishe biashara kwa faida ya nyumba yao, naye, kwa kadiri majaji walivyoona, akazitapanya. Majaji walisema kwamba kazi yake ya nyumbani ilikuwa na thamani kweli, lakini thamani hiyo ilikuwa imekwisha lipwa na fedha alizozipoteza. Rufani yake ikakataliwa. Hivyo alishindwa yeye, na wanawake wote wa Tanzania Bara wakashinda kwa kesi yake. Nasi twajifunza mambo mawili. Kazi ya nyumbani ni mchango. Tena mchango hupimwa, waweza kuongezeka na waweza kupungua.

Sasa tuyajibu maswali ambayo watu huyauliza sana.

Swali la kwanza: mtu aanzie wapi? Aanzie katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria yataka kila anayeomba talaka alete cheti cha baraza kinachosema kwamba limejaribu kuwapatanisha likashindwa, nacho kiwe kimetolewa katika muda usiozidi miezi sita kabla ya kufungua kesi. Mabaraza hayo huwekwa katika kata, na jumuiya za dini nazo zaweza kuwa na mabaraza yaliyokubaliwa. Yako mambo machache yanayoruhusu kwenda bila cheti, kama mwenzi ametoroka na hapana ajuaye aliko, au amefungwa kifungo cha miaka mitano au zaidi. Na kama ndoa haijatimiza miaka miwili, yatakiwa ruhusa ya mahakama kwanza. Mahakamani swali ni moja: je, ndoa hii imevunjika hata haiwezi kuunganishwa tena? Uzinzi, ukatili, na kumtelekeza mwenzi miaka mitatu ni katika mambo yanayotazamwa kuwa ushahidi.

Swali la pili: shamba la urithi, alilokuwa nalo mume kabla ya kuoa, je, laingia katika mgawanyo? Kwa kawaida mali ya mtu aliyokuja nayo ni yake. Lakini kama mali hiyo iliendelezwa sana wakati wa ndoa na yule mwenzi mwingine, au na wote wawili pamoja, sheria yaihesabu pia. Mfano ni kiwanja kitupu ambacho wote wawili walijenga nyumba juu yake, au pori walilolifyeka wakapanda kahawa. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema kwamba ardhi ikiwa imeandikwa kwa jina la mmoja tu, na mwenzake ameitumikia kwa kazi yake katika kuizalisha, kuitunza au kuistawisha, huyo mwenzake huhesabiwa kuwa amepata haki ndani yake.

Swali la tatu: je, mume aweza kuiuza nyumba wakati wa ugomvi? Nyumba ile wanayokaa pamoja haiuzwi, haiwekwi rehani wala haitolewi zawadi bila ridhaa ya mwenzi mwingine. Katazo hili ni kwa mke na kwa mume. Mtu anayehofia kwamba nyumba itauzwa kwa siri asingoje. Na apeleke zuio kwa msajili wa ardhi ikiwa nyumba imeandikishwa, na kama haikuandikishwa aujulishe uongozi wa kijiji au wa mtaa mapema, kwa barua, naye abaki na nakala yake.

Swali la nne: madeni ni ya nani? Deni lililokopwa kwa faida ya wote, kama ada ya shule au mabati ya nyumba, mahakama hulitazama wakati wa kugawa. Deni la pombe la mtu mmoja si la nyumba. Lakini anayesema kwamba deni lilikuwa la nyumba yampasa aonyeshe fedha zilikwenda wapi.

Swali la tano: watoto? Hapo sheria haitazami mahari iliyolipwa wala haki ya ukoo kwanza. Yatazama faida ya mtoto mwenyewe, kisha matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto ikiwa amefikia umri wa kusema lililo moyoni mwake, na desturi za watu wao. Sheria ya 1971 ilidhani kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, isipokuwa ikionekana kwamba haimfai. Na wajibu wa baba wa kumlisha, kumvika na kumsomesha mtoto haukomi kwa kuwa mama yake amekwisha ondoka. Mahakama yaweza pia kuamuru mke aliyeachwa apewe matunzo. Hutazama uwezo na mahitaji ya kila mmoja, na kosa lililovunja ndoa, tena akiolewa na mwingine matunzo hayo hukoma.

Twarudi sasa kwenye neno lile la mchango, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. Wako wanaodhani kwamba talaka ni nusu kwa nusu siku zote. Wako wengine wanaodhani kwamba asiye na risiti hana kitu. Wote wamekosea. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ukubwa wa mchango ni jambo la ushahidi. Mke anayesimama na kusema tu, "Nilifanya kazi," atapata sehemu, lakini pengine ndogo. Mke anayeleta jirani aliyemwona akibeba matofali, daftari la mauzo ya maziwa, hati ya mkopo wa kikundi iliyo na jina lake, na barua ya mume aliyekiri kutumiwa fedha, huyo huwapa mahakimu kitu cha kupima. Hali kadhalika mume. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, wanaume kwa wanawake, hasa wale wanaokaa kwa amani. Nunueni daftari moja. Andikeni humo siku mliyonunua kiwanja, aliyetoa fedha, aliyesomba mchanga, na deni lililolipwa. Hati ya shamba iandikwe majina mawili. Msiseme kwamba kufanya hivyo ni kutabiri mabaya. Daftari hilo hilo ndilo litakalomsaidia mjane siku ndugu za marehemu watakapokuja kuuliza nyumba ni ya nani. Na mume mwema hana hasara kwa kuandika kwamba mkewe alifanya kazi, maana ndiyo kweli yenyewe, nayo aliijua kabla majaji hawajaisema mwaka 1983.