Stesheni ya Ubungo Maziwa: reli ilikuwepo, abiria alisahaulika

Poleni na majaribio, najua wengine macho mekundu kama nyanya. Leo naleta historia, ila msikimbie, siyo ile ya kukariri Mkutano wa Berlin na tarehe zake. Nazungumzia stesheni moja ndogo tu ya treni hapa Dar es Salaam, Ubungo Maziwa. Na swali langu ni hili: kwa nini mji huu ulikaa na reli zaidi ya miaka mia ndipo mtu wa Ubungo akapanda treni kwenda mjini kazini?

Kwanza jina. Hapo palikuwa na kiwanda cha maziwa, watu wakapaita Ubungo Maziwa na jina likaganda. Ubungo yote ile ilikuwa eneo la viwanda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza mwaka 1968, kiko jirani tu. Sasa kiwanda kinataka malighafi iingie na mzigo utoke, ndiyo maana tawi la reli likafika huku. Lilikuja kwa ajili ya mizigo. Binadamu hakuwa kwenye hesabu.

Na hilo halikuanzia Ubungo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati hapa Dar mwaka 1905. Morogoro wakafika 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, jumla kama kilomita 1,250. Ukiiangalia kwenye ramani unaona kabisa ni mrija: mdomo uko bandarini, ncha nyingine imezamishwa bara. Kule kaskazini kulikuwa na mrija mwingine kutoka Tanga, ukafika Moshi 1911, na Waingereza wakausogeza hadi Arusha 1929. Hapo ukakoma. Kwetu Nambis, Mbulu, haukufika mpaka leo. Mahindi na maharage yetu yanashuka kwa lori, na mtu akitaka kwenda mbali anadamkia basi.

Lakini mtu wa Nambis angalau ana sababu ya kukosa treni, reli haijafika. Je, mtu wa Tabata? Pale pana mtaa kabisa unaitwa Tabata Relini! Watu wamezaliwa hapo, wamelala usiku wakisikia treni ya mizigo inatetemesha madirisha, wamevuka reli kila siku kwenda kununua mkaa, halafu asubuhi wanakwenda kugombania daladala barabarani. Reli ni jirani, ila jirani asiyekujua.

Mji nao haukuwa umekaa tu unasubiri. Enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru kulikuwa na mabasi ya kampuni ya DMT, yakataifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 tukapata UDA kwa safari za mjini na KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, kwa safari za mikoani. (Mkipita pale Kamata karibu na Gerezani, jina limetoka huko.) Mabasi yakawa hayatoshi, vipuri shida, uchumi wenyewe mnaujua ulivyokuwa. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, ile sarafu ya dala, yakaitwa daladala. Tangu hapo ndiyo yamebeba mji huu mabegani, tuseme ukweli.

Ila daladala ni biashara, na konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Mwanafunzi analipa nauli pungufu, kwa hiyo kwenye macho ya konda mwanafunzi ni kiti kilichopotea. Ndiyo lile tukio ambalo kila aliyekaa Dar analijua: watoto wa sare wamejazana kituoni, gari linapunguza mwendo, konda anachagua watu wazima, wanafunzi wawili wanadandia, wengine wanabaki. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa mambo mengi ya nidhamu darasani. Lakini mtoto akiingia saa mbili na nusu, viatu vina vumbi, kipindi cha kwanza kimeshapita na mwalimu wa zamu anamsubiri getini, jibu la "kwa nini umechelewa" liko kituoni. Anaadhibiwa yeye kwa kosa la mpangilio wa mji mzima.

Sasa twende Oktoba 2012. Mwaka huo sensa ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam. Foleni ikawa ndiyo salamu ya mjini. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, na tarehe 29 Oktoba 2012 treni za abiria za mjini zikaanza rasmi, watu wakaziita Treni ya Mwakyembe hapo hapo. Zilikuwa mbili. Moja ya TRL, kutoka Stesheni kule katikati ya mji, inapita Kamata, Buguruni kwa Mnyamani, Tabata, Mabibo mpaka Ubungo Maziwa, kama kilomita 12. Nyingine ya TAZARA, kutoka stesheni yao kwenda Mwakanga. Kumbukeni TAZARA ni reli nyingine kabisa, ilijengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Hata upana wa reli zake ni tofauti na Reli ya Kati.

Huduma yenyewe ilikuwa ya kawaida sana. Mabehewa ya zamani yalikarabatiwa, kichwa cha dizeli kikafungwa, treni ikawa inakwenda na kurudi asubuhi watu wanapokwenda kazini na jioni wanaporudi. Pale TRL mtu mzima alilipa shilingi 400, mwanafunzi shilingi 100. Na hapa ndipo ninapotaka muelewe, treni haina konda anayekuchagua mlangoni. Mkata tiketi hapati hasara mfukoni mwake mwanafunzi akiingia. Behewa moja linameza watu kuliko daladala kadhaa, na shilingi mia ya mtoto inapita mlango ule ule na mia nne ya mhasibu. Hiyo shilingi 100 kwangu mimi ni jambo kubwa la kihistoria kuliko hotuba ya uzinduzi.

Jirani zetu nao walikuwa mbioni. Tarehe 13 Novemba 2012, wiki mbili tu baada ya sisi, Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau nje kidogo ya Nairobi. Wenzetu walijenga jengo jipya la kuvutia na sehemu kubwa ya kuegesha magari, ili mwenye gari aliache pale apande treni. Huku kwetu tulifufua mabehewa na kuwabeba wasio na gari. Sisemi nani kapatia zaidi, ila ukiangalia stesheni unaweza kujua aliyeipanga alikuwa anamfikiria nani.

Mapungufu yalikuwepo, tusidanganyane. Njia ni moja, kwa hiyo treni haiwezi kufuatana na kupishana inavyotaka, ukiikosa unasubiri sana au unarudi kwenye daladala. Inakwenda kule tu reli iliko, kwa hiyo mtu wa Kimara haikumsaidia kitu. Na nauli ya shilingi 100 hainunui dizeli, hapo lazima serikali itie mkono mfukoni kwa moyo mmoja kila mwaka, siyo mwaka wa uzinduzi peke yake.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 2016 yakaanza mabasi ya Mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, na mwaka huo huo treni ya mjini ya TRL ikaanza safari za Pugu. Mwaka 2017 sheria mpya ya reli ikaunganisha TRL na RAHCO, likarudi shirika la TRC. Februari 2021 zikafunguliwa barabara za juu pale Ubungo, zikapewa jina la Kijazi, na mabasi ya mikoani yakahamia Mbezi Louis. Halafu mwaka 2024 ikaja SGR, treni ya umeme: Juni abiria wakaanza kwenda Morogoro, Julai Dodoma. Ni jambo la kujivunia, sina ubishi.

Lakini hebu tuisome hiyo orodha kama wanahistoria. Kila zama reli inapojengwa, kitu cha kwanza kufikiriwa ni mbali: Kigoma, Zambia, Dodoma. Mtu aliye karibu anafikiriwa mwisho, na akifikiriwa anapewa mabehewa yaliyobaki. Mjerumani alikuwa na sababu zake za kutomjali mtu wa Tabata. Sisi tuliokuja baada ya 1961 sababu yetu ilikuwa ipi kwa miaka hamsini na moja? Chuma kilikuwa chini tayari, mataruma yapo, stesheni ya mjini ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "tuwabebe na hawa".

Ndiyo maana nikisikia wadau wanabishana kuhusu mwendo wa treni mpya, kilomita ngapi kwa saa, mimi nauliza jingine. Inasimama wapi, saa ngapi, na mtoto wa sare anaingia kwa shilingi ngapi? Na siku reli ikifika kwetu Mbulu, nitauliza hivyo hivyo, maana kupitiwa na reli na kubebwa nayo ni vitu viwili.

Haya, nimemaliza. Mliowahi kuipanda ile ya Ubungo Maziwa, hasa mkiwa na sare, nisimulieni ilikuwaje. Tupo pamoja.