Mapenzi Siku za Kiyama: Riwaya ya Faarax Cawl na Historia ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Riwaya inayowaweka wapendanao katika ulimwengu unaoangamia huchukuliwa mara nyingi kuwa bunilizi ya wakati ujao: miji imeteketea, na mwanamume na mwanamke waliosalia wanatafutana gizani. Katika fasihi ya Kiswahili, Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi ndiyo iliyo karibu na kaida hiyo. Humo maangamizi ni ya binadamu wote, na msomaji hawezi kuonyesha katika ramani mahali yalipotokea. Historia ya Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya inadai mtazamo mwingine. Huko kiyama kina tarehe, na riwaya ya mapenzi inayoweza kukifafanua imekwisha kuandikwa, ingawa kwa Kisomali na juu ya vita vya kale.

Riwaya hiyo ni Aqoondarro waa u nacab jacayl, yaani ujinga ni adui wa mapenzi, ya Faarax M. J. Cawl. Ilichapishwa Mogadishu mwaka 1974, miaka miwili baada ya Kisomali kupewa rasmi maandishi ya Kilatini, na huhesabiwa miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa katika lugha hiyo. Imejengwa juu ya kisa cha Calimaax na Cawrala, wakati wa vita vya Madarwishi wa Sayyid Maxamed Cabdulle Xasan vilivyodumu tangu 1899 hadi 1920. Cawrala anampenda Calimaax na kumwandikia barua. Calimaax, hodari wa vita, hajui kusoma. Siri ya moyo inalazimika kupita katika kinywa cha mtu mwingine, na mapenzi yao yanaishia msibani.

Ni rahisi kuisoma kazi hii kama wito wa kampeni ya kisomo iliyoendeshwa Somalia miaka hiyo. Usomaji huo ni sahihi, ila haujitoshelezi. Fani yenyewe inasema zaidi. Cawl anachanganya nathari na ushairi, na tungo hizo husafiri kwa kumbukumbu: yeyote azisikiaye aweza kuzihifadhi na kuzifikisha. Barua haina uwezo huo. Inategemea msomaji mmoja, na akikosekana huyo, ujumbe hugeuka kuwa silaha dhidi ya aliyeutuma. Giza la riwaya hii, basi, latokana na neno lililofika bila kueleweka, na vita ndivyo vinavyowanyima wahusika muda wa kulirekebisha.

Hapo ndipo Kaskazini Mashariki inapoingia. Serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo tarehe 28 Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Wafugaji walikusanywa vijijini kwa nguvu na mifugo yao ikapotea. Waborana wa Isiolo, waliokuwa katika wilaya hiyo ya zamani ya mpakani, hukiita kipindi hicho Daaba, wakati mambo yaliposimama. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakauawa. Serikali ilitaja waliokufa 57. Manusura wametaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi.

Kila tukio kati ya haya lina wachumba, wajane na ahadi zilizokatika, na mengi katika hayo yamehifadhiwa kwa mdomo. Yaliyoandikwa, kama Blood on the Runway (2007) ya S. Abdi Sheikh na ripoti ya tume ya ukweli ya mwaka 2013, ni ushahidi. Ushahidi hutaja waliokufa. Riwaya ya mapenzi huuliza walikuwa wakimpenda nani.

Kuna kinaya katika historia ya kitabu chenyewe. Shule za Garissa hufundisha kwa Kiingereza na Kiswahili, hivyo msomaji aliyesomea huko humfikia Cawl kwa wepesi zaidi kupitia tafsiri ya Kiingereza ya B. W. Andrzejewski (1982) kuliko kupitia lugha ya mama yake. Cawl mwenyewe alifariki mwaka 1991, mwaka uleule dola ya Somalia iliposambaratika na kambi ya Ifo kufunguliwa Dadaab kwa wakimbizi. Mkimbizi aliyevuka akiwa na kitabu hicho alikuwa amebeba barua ambayo jirani zake wapya wa upande huu hawakufundishwa kuisoma.

Tafsiri ya Kiswahili ingekuwa hatua ya kwanza ya kuiondolea barua hiyo upweke wake. Ingewapa pia watunzi wa Kiswahili kielelezo cha kiyama chenye jina la mtaa, mwezi na mwaka.