Vita ndani ya sanduku: namna ya kupima mifano midogo ya silaha, vifaa vyake na vitabu vyake

Kasongo, sawa na kule Kabambare, mtoto hangoji duka limletee gari. Anachukua waya, kopo la sardini na kandambili iliyokatika, anakata magurudumu, kisha lori lake linatembea barabarani. Mwenzake anachonga bunduki katika kipande cha ubao. Ulaya, Amerika na Japani kazi hii inafanywa pia na watu wazima, na wananunua sanduku lenye vipande vya plastiki: kifaru, ndege, meli au askari. Wanaunganisha kwa gundi, wanapaka rangi, wanaweka kabatini.

Mkaaji wa Maniema ya kusini anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu vita vingine vilivyoingia katika masanduku hayo vilipita hapa. Kuna askari wadogo wa chuma wa vita vya Lualaba vya miaka ya 1890. Kuna ndege ya aina ileile iliyotua Kindu mwaka 1961. Na sasa, kwa njia ya simu au koli ya ndugu aliye Ulaya, vitu hivi vinaonekana hata kwetu. Mwalimu anaweza kuvitumia darasani, au kijana akaamini kwamba alichokiona katika picha ya sanduku ndicho kilichotokea. Njo maana ni vizuri kujua namna ya kuvipima.

Sanduku na kipimo chake

Kampuni zinazojulikana ni nyingi: Airfix ya Uingereza, Tamiya ya Japani, Italeri ya Italia, Heller ya Ufaransa. Airfix ilianza mwaka 1939, na kitu chake cha kwanza cha plastiki cha kuunganisha, mwaka 1949, hakikuwa silaha. Kilikuwa trakta ya shamba ya Ferguson.

Juu ya kila sanduku kuna namba kama 1/35, 1/48, 1/72 au 1/350. Hicho ni kipimo. 1/35 maana yake kitu cha kweli ni kikubwa mara 35 kuliko mfano. Vifaru vingi vinatengenezwa kwa 1/35, ndege kwa 1/72 na 1/48, meli kwa 1/350 na 1/700. Mtu mwenye urefu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5 katika 1/35, na karibu sentimita 2 na nusu katika 1/72.

Namba hiyo inakupa njia ya kwanza ya kupima bila kumwamini muuzaji: rula. Tafuta urefu wa kitu cha kweli, ugawanye kwa namba ya kipimo, halafu pima plastiki. Hesabu ni ya shule ya msingi. Ikiwa mfano unatofautiana kwa milimita moja au mbili, si neno. Ikiwa ni sentimita nzima, kuna mtu amekosea.

Baada ya rula, angalia vipande vyenyewe. Je, vinaingiana bila kulazimishwa? Kuna matundu au plastiki iliyopinda? Karatasi ya maelekezo inaonyesha hatua kwa michoro, au inataka usome Kijapani? Picha nzuri juu ya sanduku haipimi lolote kati ya hayo. Ile ni kazi ya mchoraji.

Meli ya kweli iliyokuja katika masanduku

Eneo letu linajua mambo ya kuunganisha vipande kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, meli Graf von Götzen ilitengenezwa, ikafunguliwa tena, na vipande vikawekwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma, ikaunganishwa, na mwaka 1915 ikawa majini katika ziwa Tanganyika. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Upande wa Kongo, Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka kusini kwa reli, kwa kuvutwa porini na kwa mto. Zilishuka Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, kisha zikapanda treni kwenda ziwani, pale ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka mashua ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Habari hii ni tamu kwa waunda mifano, na ndipo udhaifu mmoja unapoonekana. Mashua zinahesabiwa mpaka msumari wa mwisho, lakini watu waliokata njia, waliovuta kamba na waliobeba mizigo hawapo katika picha. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, liliingia Tabora Septemba 1916 likiwa nyuma ya mabega ya wapagazi. Hesabu inayotajwa sana na wanahistoria ni wapagazi wapatao 260,000. Mwenye kuunda mfano wa mzinga wa jeshi lile bila hata mpagazi mmoja ametengeneza nusu ya mzinga, sababu bila wao usingefika popote.

Vifaa vya ziada: herufi, shaba na watu

Mbali na sanduku, kuna biashara ya vifaa vya ziada. Kuna vibandiko vya namba na alama za majeshi, vipande vyembamba vya shaba kwa ajili ya vitu ambavyo plastiki haiwezi, na watu wadogo wa rezini au wa chuma. Mara nyingine vinapita bei ya sanduku lenyewe. Swali la kuuliza ni moja: kifaa hiki kinarekebisha kosa, au kinapamba tu?

Chukua ndege ya C-119. Italeri ilitoa mfano wake kwa 1/72. Ndege ya kweli ina mabawa ya mita 33 na kidogo, kwa hiyo mfano lazima uwe na karibu sentimita 46 kutoka ncha hadi ncha. Tarehe 11 Novemba 1961, watu 13 wa jeshi la anga la Italia waliouawa Kindu walikuwa wamefika na ndege mbili za aina hiyo. Walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakileta mahitaji ya askari wa Malaya waliokuwa Kindu. Walidhaniwa kuwa wanajeshi wa kukodiwa wa Katanga. Kwenye uwanja wa ndege wa Pisa, walikotoka, limejengwa jengo la kuwakumbuka.

Sasa, mtu akiunda C-119 kwa vibandiko vya jeshi la Amerika, ametengeneza ndege nzuri lakini siyo ya Kindu. Hapa vibandiko si pambo. Ndivyo vinavyosema ndege ni ya nani, ilikuja kwa kazi gani, na ilikuwa chini ya nani. Watu 13 walikufa sababu walidhaniwa kuwa watu wengine, na kwa habari kama hiyo alama yenye kosa si jambo dogo.

Ni vilevile kwa ndege za T-28 zilizopiga maeneo ya Simba mwaka 1964 na 1965. Zilitoka Amerika, na marubani wengi walikuwa Wakuba waliokimbia nchi yao, walioajiriwa na shirika la ujasusi la Amerika, CIA. Heller ilitengeneza T-28 ya 1/72 kwa sura ya ile ya Wafaransa waliopigana Algeria. Umbo ni la ukoo mmoja, lakini alama ni za vita vingine. Anayetaka kuonyesha Kongo atafute kwanza picha ya ndege iliyopigwa hapa hapa Kongo, ndipo anunue vibandiko.

Watu wadogo wa chuma wanahitaji jicho kali zaidi. Kampuni ya Uingereza, Wargames Foundry, inauza askari wa milimita 28 katika kundi linaloitwa Darkest Africa, yaani Afrika ya giza kuu. Jina hilo linafuata kitabu cha Stanley cha mwaka 1890. Uchongaji wake unasifiwa na wengi, na ni haki yake. Lakini jina la kundi tayari limekwisha kukuambia utazame kutoka upande gani. Mji wenye mashamba, soko, misikiti na watu waliojua kuandika haukuwa giza kwa waliokaa ndani yake.

Vitabu: nani alikuwa pale?

Muundaji makini hanunui rangi kabla ya kusoma. Tuchukue vita vya hapa kwetu. Francis Dhanis, kwa jina la serikali ya mfalme Leopold II, alipigana na Waarabu na Waswahili wa Lualaba. Nyangwe iliingiwa tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Upande wa pili alikuwako Sefu, mwana wa Tippu Tip. Mtu mwenye nguvu katikati alikuwa Gongo Lutete, aliyehamia kwa Wabelgiji, kisha Wabelgiji haohao wakamuua Septemba 1893.

Kitabu kinachotajwa sana ni The Fall of the Congo Arabs cha Sidney Langford Hinde, kilichotoka mwaka 1897. Hinde alikuwa daktari katika jeshi la Dhanis. Alikuwa pale, na hiyo ni nguvu yake: kwa silaha, safari na sura ya miji anafaa. Lakini aliandika kama mshindi, kwa wasomaji wa Ulaya.

Kitabu cha pili ni maisha ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950. Kwa biashara, safari na siasa za Maniema hakina mfano. Lakini angalia tarehe: Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Kasongo ilipoanguka, yeye alikuwa pwani. Kwa siku ile, yeye si shahidi.

Na wote wawili wana pengo moja. Mtumwa, mpagazi na mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni hawakuandika kitabu. Habari zao zimebaki vinywani mwa wazee, na wazee nao wanatofautiana. Kwa hiyo kitabu kimoja hakitoshi. Weka viwili vinavyopingana juu ya meza moja, na mzee akiwapo, muulize yeye pia.

Hii haiko mchezo

Kuna mambo ambayo vitabu vya waunda mifano vya Ulaya havina haja ya kuyaandika, lakini hapa ni lazima.

Kwanza, kitu cha kweli kisiguswe. Risasi, guruneti au chuma cha bomu kilichookotwa shambani si kifaa cha ziada cha mfano wa mtu. Kiache palepale, weka watoto mbali, mwambie chifu au viongozi wa usalama.

Pili, bunduki ya ubao yenye ukubwa wa bunduki ya kweli, iliyopakwa rangi nyeusi, ni hatari kwenye bariere, zaidi sana jioni. Askari hana muda wa kuuliza. Katika nchi ambayo neno kadogo lilikuja kumaanisha mtoto mwenye bunduki, mzazi ana haki ya kusema hapana. Mfano unaoingia kiganjani hauwezi kumdanganya mtu.

Tatu, gundi na rangi nyingi za kazi hii zina moshi mkali na zinashika moto haraka. Usizitumie usiku karibu na kibatari au mshumaa, wala ndani ya nyumba iliyofungwa.

Bila sanduku

Asiye na dola za kununua anaweza kupima na kuunda vilevile. Mashua Mimi ilikuwa na urefu wa kama mita 12. Kwa kipimo cha 1/40 inakuwa sentimita 30, yaani rula moja ya shule. Darasa linaweza kuikata katika katoni kwa saa mbili, likajifunza hesabu, ramani ya Lualaba na historia kwa mara moja. Mtu wa 1/40 ni sentimita 4 na kidogo, anatoka katika udongo wa mfinyanzi.

Kabla ya kununua au kuunda, maswali ni haya:

Urefu unalingana na hesabu?
Alama ni za mahali na mwaka unaotajwa?
Picha unayofuata ilipigwa, au ilichorwa na mtu ambaye hakufika?
Mwandishi wa kitabu alikuwa pale, na alikuwa upande gani?
Ni nani alikuwapo siku ile lakini hayumo ndani ya sanduku?

Swali la mwisho ndilo linaloleta kazi nyingi. Kwa mashua moja ya katoni, darasa litafinyanga watu wengi wa udongo: wa kukata njia, wa kuvuta kamba, wa kubeba. Wakipangwa mezani, ndipo mwanafunzi ataona kwa macho kwamba mashua ilikuwa sehemu ndogo ya msafara.