Sakafu Ndiyo Iliyomshinda Kiroboto

Vita vya binadamu na viroboto nyumbani huelezwa zaidi kama historia ya dawa: kwanza unga wa pareto, kisha DDT, kisha matone ya kudondoshea shingoni mwa paka na mbwa. Ni simulizi tamu, hasa kwa muuza dawa. Lakini kiroboto wa binadamu, aliyewasumbua Wazungu karne nyingi, leo ni nadra sana katika nyumba za mijini Ulaya, ilhali kiroboto wa paka yumo tele katika nyumba hizohizo. Kama dawa ndiyo iliyoleta ushindi, kwa nini mmoja aende na mwingine abaki? Naona jibu liko sakafuni.

Kiroboto mzima anayeonekana manyoyani ni sehemu ndogo tu ya ukoo wake. Jike la kiroboto wa paka, ambaye ndiye pia huwasumbua mbwa wengi, hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na kwa kuwa hayana gundi, huanguka popote mnyama anapolala. Buu hukimbia mwanga, hujificha kwenye nyufa, chini ya mkeka au ndani ya zulia, na hula mabaki ya damu iliyokauka yanayodondoka kutoka kwa viroboto wakubwa. Hewa kavu humuua. Akinusurika, hujifunga ndani ya kifuko kilichogandiwa na vumbi, na humo anaweza kungoja miezi mpaka asikie mtikisiko au joto la kiumbe. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu humpokea mgeni kwa kuumwa miguu, hata kama paka alishahama. Nyumba za Ulaya zilipopata sakafu zisizo na nyufa, joto la kukausha hewa na, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, mashine za kufyonza vumbi, kiroboto wa binadamu alinyang'anywa mahali pa kulelea watoto. Wa paka aliokolewa na zulia na tandiko la mnyama.

Dawa nazo zina historia yao, na sehemu yake ni yetu Afrika Mashariki. Pareto asili yake ni Dalmatia, pwani ya bahari ya Adria. Kenya ilianza kuilima mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati Japani ikiwa mzalishaji mkuu. Vita vya Pili vya Dunia vilipolikatiza soko la Japani, Kenya ikashika nafasi ya kwanza, na nyanda za juu za Tanganyika zikafuata. Unga wake humlaza kiroboto kwa muda mfupi, lakini jua huuvunja nguvu upesi, na aliye ndani ya kifuko haumfikii. DDT, ambayo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kuwa inaua wadudu, ilidumu zaidi, mpaka viroboto wakajenga usugu. Kisha wanakemia wakaiga pareto wakapata permethrin, isiyoogopa jua, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Dawa ya mbwa yenye sumu hiyo imewaua paka wengi.

Ataniuliza msomaji: vipi kuhusu dawa za miaka ya 1990, kama fipronil na imidacloprid, ambazo hupakwa mnyama peke yake na nyumba ikasafika? Hoja hiyo ni nzito. Ila tutazame zinavyofanya kazi: kila kiroboto anayetoka kwenye kifuko humrukia mnyama na kufa kabla ya kutaga, hivyo akiba ya sakafuni huisha pole pole. Kazi hiyo huchukua majuma mengi na hudai kila mnyama apakwe bila kukosa. Pale paka wa jirani wanapoingia usiku na mbuzi wanalala ndani, hesabu hiyo huvurugika.

Wengine wataona hoja ya sakafu ni njia ya kuwasuta maskini kwa uchafu. La. Sakafu ya udongo hata ikifagiliwa kila asubuhi bado ina nyufa, na ufagio hauingii humo. Lushoto, Tanzania, ambako tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto, ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa miaka mingi, watafiti walimkuta kiroboto wa binadamu akiwa bado mkazi wa nyumba za milimani. Wenyeji hawakukosa usafi, walikosa saruji. Mwenye paka leo na afue tandiko lake kwa maji ya moto kila juma na kuziba nyufa kabla hajakimbilia duka la dawa. Nao wanaopanga afya ya vijijini na wauingize mfuko wa saruji katika bajeti yao, kando ya dawa ya kupulizia.