Kumkaribia Mungu kwa muda, kicho na Neno: somo kutoka Kinkondja



Katika makanisa yetu swali hili hurudi kila mara: nifanye nini ili nimkaribie Mungu zaidi? Wengi wanaouliza wamekwisha kufunga, wamekesha, na wengine wamesafiri mbali kumtafuta mtumishi wa kuwawekea mikono. Hatudharau kufunga wala mkesha. Lakini Maandiko yanatuonyesha njia ya kila siku, ambayo Mkristo anaweza kuishika hata akiwa peke yake: kumpa Mungu muda, kumwendea kwa kicho, na kujifunza Neno lake. Tunaieleza njia hiyo kwa kuitazama Kinkondja, mahali ambapo kanisa lilijaribiwa kweli.

Kanisa la wavuvi

Kinkondja iko kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, jimbo la Haut-Lomami ambalo makao yake makuu ni Kamina. Hapo mto Lualaba unapita kati ya maziwa na mafunjo, na mafunjo mengine hukatika yakaelea juu ya maji kama visiwa. Watu wengi huishi kwa samaki.

Injili ya Kipentekoste ilifika katika nchi hii ya Waluba mwaka 1915, wakati William Burton na James Salter walipoanza kazi Mwanza. Wenzao wa safari walikuwa wachache, na mmoja wao, mzee Armstrong, alifariki njiani kwa homa. Mwaka 1919 kazi yao ikapewa jina la Congo Evangelistic Mission. Hata hivyo wamisionari hawakuwa peke yao. Waliokuwa watumwa huko Angola, wakamwamini Kristo, walirudi makwao wakiwa wanajua kuomba na kusoma Maandiko, na wengine wao wakawa wainjilisti wa kwanza.

Katika Kinkondja, kati ya wavuvi, alitumika Mwingereza Edmund Hodgson, aliyefika Kongo mwaka 1920. Alikaa miaka arobaini. Mnamo Novemba 1960, katika machafuko yaliyofuata uhuru, Hodgson na mwenzake Elton Knauf kutoka New Zealand waliuawa wakiwa katika safari ya kuwasaidia watu wa Lulungu. Wamisionari wengine wakalazimika kuondoka. Kanisa likabaki mikononi mwa wachungaji Wakongomani, wakiongozwa na Jonathan Ilunga, na halikufa.

Hapo ndipo penye somo letu. Siku mchungaji wako asipokuwepo, barabara ikifungwa, kipaza sauti kikinyamaza, utabaki na nini cha Mungu ndani yako? Waliodumu katika miaka ile hawakuwa na mtu wa kuwabeba. Walipaswa kumjua Mungu wao wenyewe.

Muda

Mvuvi anajua kwamba samaki hawaji kwa haraka yake. Hutega nyavu jioni, hungoja, kisha huzitoa alfajiri. Ukaribu na Mungu nao unataka saa zake. Marko 1:35 inatuambia kwamba Yesu aliamka kabla ya mapambazuko, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Siku iliyotangulia mji mzima ulikuwa umekusanyika mlangoni kwake. Hakungoja kazi ipungue ndipo aombe.

Tatizo letu mara nyingi ni kwamba tunampa Mungu muda uliobaki, na hakuna unaobaki. Kwa hiyo chagua saa inayofuatana na kazi yako. Anayevua usiku asijilaumu kwamba hawezi ibada ya alfajiri. Aombe akiwa amekwisha kutega nyavu, au akishapumzika mchana. Mama anayekausha samaki hukaa muda mrefu akilinda moto usizidi. Hapo anaweza kurudia moyoni Zaburi aliyoisikia asubuhi. Majira ambayo serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, vijana wengi hukaa bila kazi na wengine huangukia pombe. Hayo ndiyo majira mazuri ya kusoma kitabu kizima cha Biblia pamoja.

Anza na dakika ishirini. Ni afadhali dakika ishirini kila siku kuliko mkesha mmoja na kisha wiki tatu za ukimya.

Kicho

Waluba wanajua heshima. Zamani mtu hakuingia kwa mulopwe kama anayeingia sokoni. Alipiga magoti na kujipaka mavumbi au chokaa nyeupe mwilini, ndipo akasema neno lake. Mhubiri 5 inatufundisha jambo la namna hiyo: tuangalie miguu yetu tunapokwenda nyumbani kwa Mungu, tuwe tayari kusikia, na maneno yetu yawe machache.

Lakini kicho si sawa na hofu. Mwenye hofu hutafuta walinzi wengi: Jumapili yuko kanisani, Jumatatu usiku yuko kwa mganga akitafuta dawa ya mtumbwi wake. Mtu huyo anamwogopa Mungu kidogo na wachawi sana. Mwenye kicho amejua kwamba Leza, kama tunavyomwita kwa Kiluba, ndiye aliyeumba maji na vilivyomo, naye hagawani utukufu wake na hirizi. Basi anaitupa hirizi, hata kama ndugu zake wanamwonya kwamba atazama. Hilo si jambo dogo, nasi tuwasaidie wanaolifanya. Tusiwaache peke yao wakati wa msiba au nyavu zikitoka tupu.

Kicho huonekana pia sokoni. Anayemheshimu Mungu hafichi samaki walioharibika chini ya wazima, wala haapi kwa jina la Bwana ili auze.

Neno

Watu wa bonde hili wamepewa zawadi kubwa: Biblia katika lugha yao. John Clarke, mmisionari aliyekuwa Mulongo, chini zaidi kwenye mto huohuo wa Lualaba, alifanya kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi. Agano Jipya lilitangulia, na Biblia nzima ya Kiluba ikatoka mwaka 1951. Ilikuwepo basi miaka tisa kabla wamisionari hawajaondoka. Tunaamini kwamba hiyo ni sababu mojawapo kubwa iliyofanya kanisa lisimame: wahubiri waliondoka, Neno likabaki.

Kujifunza Neno si kufungua popote na kushika mstari mmoja kama dawa. Soma kitabu kwa utaratibu, kuanzia mwanzo wake. Marko ni kifupi na kinafaa kwa anayeanza. Katika kila sehemu jiulize: hapa Mungu anajionyesha kuwa nani? Aliyeandikiwa kwanza alielewa nini? Mimi leo nitii nini? Kama unasoma Kiluba na Kiswahili au Kifaransa, linganisha; mara nyingi lugha moja inafungua lililofungwa katika nyingine.

Wasiojua kusoma wasijione wametengwa. Katika Nehemia 8 watu wengi walisimama wakisikiliza Sheria ikisomwa na kufafanuliwa, wakaelewa, wakalia, kisha wakafurahi. Msomaji mmoja anatosha kwa nyumba tano. Nao Wayahudi wa Beroya, katika Matendo 17, waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama Paulo anasema kweli. Ikiwa mtume alichunguzwa, basi mhubiri wa leo asikasirike akichunguzwa.

Utaratibu wa juma moja

Tunapendekeza hivi kwa familia na vikundi vidogo:

- Jumatatu hadi Ijumaa: sura moja ya Injili, kila mtu kwa saa yake, na maombi mafupi.
- Jumamosi: nyumba mbili au tatu zikutane, mmoja asome kwa sauti, kila mtu aseme neno moja aliloshika na jambo moja atakalolitenda.
- Jumapili: fika kabla ibada haijaanza, kaa kimya, ungama, ndipo uimbe.
- Anayekwenda kambi ya wavuvi kwa majuma kadhaa achukue Agano Jipya, na kanisa limwombee kwa jina.

Tunamalizia na Petro katika Luka 5. Alikuwa amechoka, amevua usiku kucha bila kupata kitu, lakini alimpa Yesu mtumbwi wake na muda wake. Alilisikia Neno, akashusha nyavu kwa sababu ya Neno hilo. Kwanza alimwita Yesu kama mtu anavyomwita mkubwa wake. Alipowaona samaki alianguka magotini akamwita Bwana, akaona dhambi yake. Alidhani kicho kingemfukuza mbali. Yesu akamwambia asiogope, akamchukua awe naye.

Mvuvi wa Kisale anaweza kukutana na Bwana huyohuyo, kesho, kabla ya kutoa nyavu zake. Nasi pia, popote tulipo.