Kipi Kilitangulia? Nyutrino, Jiometri na Mwaka 1998

Muhula uliopita, nikiwasilisha mada mbele ya wenzangu hapa Bujumbura, nilisema kwamba jiometri ya dimensheni za ziada ilitabiri tungamo la nyutrino. Mwenzangu aliyekaa nyuma akauliza: kipi kilitangulia, utabiri au kipimo? Nilibabaika. Nimerudi kwenye tarehe ili nimjibu.

Wazo la dimensheni za ziada ni kongwe. Mwaka 1921 Theodor Kaluza alichapisha hoja kwamba ukiongeza dimensheni moja juu ya nne za Einstein, uvutano na sumaku-umeme vinaweza kutoka katika jiometri moja. Mwaka 1926 Oskar Klein akaeleza kwa nini dimensheni hiyo haionekani: imejikunja, nayo ni ndogo mno. Nyutrino haikuwamo katika hoja hizo. Wolfgang Pauli aliipendekeza mwaka 1930, na kwa miongo mingi wengi waliichukulia kuwa haina tungamo.

Hapo bara letu linaingia. Mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu karibu na Boksburg, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, kundi la Frederick Reines na Friedel Sellschop lilinasa alama za nyutrino zinazozaliwa pale miale ya kosmiki inapogonga hewa. (Mwaka huohuo wenzao walizinasa katika mgodi wa Kolar, India.) Nyutrino za asili hiyohiyo ndizo zilizokiwezesha kituo cha Super-Kamiokande, Japani, kutangaza Juni 1998 kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani. Kama zote hazina tungamo, hilo haliwezekani.

Makala za jiometri zilitoka Novemba 1998. Moja iliandikwa na Keith Dienes, Emilian Dudas na Tony Gherghetta. Nyingine na Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos, Gia Dvali na John March-Russell. Hoja yao naielewa vizuri zaidi nikilitazama ziwa letu. Chembe za kawaida ni kama mitumbwi ya wavuvi wa ndagala: hazitoki juu ya maji. Lakini nyutrino inaweza kuwa na mwenzi asiye na chaji yoyote, naye yuko huru kuzama, na Tanganyika ina kina cha hadi mita 1,470. Akitapakaa kilindini kote, hukutana na mtumbwi kwa nadra sana. Udhaifu wa kukutana huko ndio udogo wa tungamo.

Hoja ni nzuri, ila nilipopiga hesabu mwenyewe nilikwama. Ukichukua kiwango cha msingi cha nishati kuwa teraelektronivolti 1, unapata tungamo la takriban elektronivolti 0.0001. Vipimo vinadai angalau nyutrino moja ifikie karibu 0.05. Ukipandisha kiwango hicho, jibu nalo linapanda. Basi namba tunaichagua sisi.

Utabiri wa kweli ulikuwa pembeni: kama dimensheni kubwa za ziada ni mbili, uvutano ungebadilika katika umbali unaokaribia milimita. Wapimaji wa Seattle wameshuka chini ya milimita 0.1 na hawajaona badiliko.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa nyuma, kipimo kilitangulia, kwa miezi mitano. Katika daftari langu nimefuta "ilitabiri" nikaandika "ilieleza", tena kwa penseli.